Mama Laurentia Kobelo, Dirisha la Dawa na Shangazi Yangu wa Kisarawe

Jumapili ijayo, tarehe 10 Agosti 2025, Mama Laurentia Kobelo anatimiza miaka sitini na kustaafu utumishi wa umma, baada ya miaka thelathini na minne kwenye dirisha la dawa. Alizaliwa siku ya Mtakatifu Laurenti, ndiyo maana akaitwa Laurentia, na kamati ya hafla imefurahi kwamba keki moja itatosha kwa mambo yote mawili. Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Lusajo Mwakalinga, tabibu wa chumba namba tatu, kwa sababu wenzangu wenye mwandiko unaosomeka walikuwa na shughuli.

Mama Laurentia alianza kazi mwaka 1991 katika zahanati moja ya Kisarawe, upande wa Maneromango, na alikaa huko miaka kumi na moja. Msomaji naomba aikumbuke hiyo miaka kumi na moja, maana mimi niliisahau na ikaniumbua. Baadaye alihamia Kwala, enzi hizo bandari kavu hata kuota hatujaiota, kisha mwaka 2006 akaja kituoni kwetu hapa Kongowe. Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa aliyesikia jina la dawa yake likitajwa mbele ya foleni. Mama huinama, husema taratibu, na wa nyuma anayejifanya kukohoa ili asogee asikie hurudishwa kwa jicho tu.

Kati ya dawa zote zilizopita mikononi mwake, iliyomtoa jasho ni amitriptilini. Ni dawa ya siku nyingi ya sonona, lakini kwa dozi ndogo hutuliza pia maumivu ya mishipa ya fahamu na kuzuia kipandauso. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kumeza kidonge kilekile kwa sababu mbili tofauti kabisa. Jambo hili nilifundishwa chuoni, nikafaulu mtihani, nikaliacha hukohuko.

Mzee Mwishehe wa Dutumi ana kisukari, na miguu yake ilikuwa ikiwaka moto usiku. Nilimwandikia amitriptilini nikamwambia ni dawa ya mishipa. Jirani yake, Juliana, alikuwa na sonona. Nikamwandikia dawa hiyohiyo nikamwambia ni ya usingizi. Wote wawili wameniruhusu niwataje, tena kwa furaha isiyo ya kawaida. Siku moja wakalinganisha bahasha zao za dawa, Juliana akasema amesikia hii ni dawa ya vichaa, na kesho yake asubuhi Mzee Mwishehe akaiweka bahasha mezani kwangu akitaka kujua miguu yake imeanza lini kuchanganyikiwa.

Mama Laurentia aliomba radhi kwa niaba yangu, akawaeleza kila mmoja peke yake, polepole, mpaka wakaelewa. Kisha akaniweka mimi kwenye benchi la nje wiki nzima nieleze dawa kwa kila anayepita, nimevaa koti langu jeupe. Huko ndiko ilikozaliwa kanuni yetu: bahasha haitoki dirishani mpaka mgonjwa aseme kwa maneno yake mwenyewe anameza nini na kwa nini. Kituo kizima kinaisifu kanuni hiyo, na msingi wake ni uzembe wangu.

Mwaka 2019 nikaugua mimi. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeniacha, mshahara ulikuwa unaingia. Nilipoteza usingizi, kisha hamu ya kula, halafu nikawa sioni sababu ya kuamka. Mimi niliyekuwa nikiwaambia wagonjwa kwamba sonona ni ugonjwa kama mwingine, niliona aibu kama mwizi wa kuku. Nilikwenda kwa daktari Dar, mahali nisipofahamika, nikaandikiwa amitriptilini. Nikaleta cheti cha dawa dirishani kwa Mama Laurentia nimekikunja mara nne, nikamwambia ni cha shangazi yangu mgonjwa anayeishi Maneromango.

Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Ukoo wetu wote, walio hai na waliolala, hauna mtu Kisarawe. Tena nilichagua kijiji ambako Mama alikaa miaka kumi na moja na anakijua nyumba kwa nyumba. Alikikunjua cheti, akakisoma, akakikunja tena, akaniuliza kama shangazi anakula vizuri.

Miaka sita tukamtibu shangazi. Mdomo wake ulipokauka kama amelamba unga wa muhogo, Mama alinishauri anywe maji kidogokidogo. Choo kilipogoma, nilipewa papai nimpelekee, nikalila lote stendi nimesimama. Shangazi alipoanza kunenepa, Mama alitazama vifungo vya shati langu akasema mwambie atembee jioni. Mwanzoni dawa za shangazi zilitolewa za wiki moja tu, na nilinung'unika nikidhani ni ubahili wa stoo. Amitriptilini ikizidi ni hatari, na aliye gizani haachiwi nyingi nyumbani. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa ananilinda.

Kisha ukaja mjadala wa chai ya saa nne. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba wataalamu wanabishana: wapo wanaosema faida ya dawa hizi kwa wengi ni ndogo, wapo wanaosema zinaandikwa ovyo, na kwamba ziko mpya zenye usumbufu mdogo. Nilihutubia kama mbunge. Mama Laurentia alijibu kwamba mengi ya hayo ni kweli, na kwamba hata hivyo ameona watu waliorudi mashambani kwao kwa dawa hii; si pipi na si laana. Mimi nikaondoka na nusu ya kwanza ya jibu, nikaacha dawa siku hiyohiyo, ghafla. Siku ya nne nilikuwa natapika, natoka jasho, namkaripia kila mtu. Mama alikuja chumba namba tatu, akafunga mlango, akasema shangazi arudi kwa daktari aliyemwanzishia, maana dawa hii hushuka ngazi kwa ngazi, hairukwi dirishani. Nilimfikishia shangazi ujumbe, na shangazi alitii, akarudishiwa dawa.

Mwezi uliopita, akimkabidhi ofisi Onesmo, anayeshika dirisha baada yake, Mama aliniita peke yangu akanifungulia daftari la wagonjwa wa kudumu. Ukurasa wa arobaini na moja: Lusajo Mwakalinga, mwanamume, miaka thelathini na minane. Ndiyo, cheti kile nilichokikunja mara nne kilikuwa na jina langu. Miaka sita yote imeandikwa pale kwa mkono wake, uzito, dozi, tarehe. Shangazi hayumo popote.

"Shangazi naye anastaafu, Lusajo," aliniambia. "Onesmo hamjui."

Nilirudi nyumbani na hofu, sifichi. Ilikuwa rahisi zaidi kuacha dawa kuliko kupanga foleni mbele ya wagonjwa wangu mwenyewe. Nimeandika wasifu huu mara tatu bila shangazi ndani yake, na mara zote tatu ulikuwa wasifu wa mtu mwingine.

Mama Laurentia, kituo chote kinakushukuru. Nenda ukapumzike salama, ulime mihogo yako, uimbe kwaya bila kutazama saa, na Mungu akuzidishie siku njema. Shangazi anakusalimu sana. Amefariki leo asubuhi, mwandishi wa wasifu huu alipoupeleka kuchapwa, na hatuchangishi rambirambi.

Onesmo, Jumatatu tarehe 11 nitakuwa kwenye foleni. Ukurasa wa arobaini na moja.