Igga Lukudu na Nyumba Arobaini na Tatu za Gumbo

Mzee Igga Lukudu Gune alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 hapa hapa Gumbo, ng'ambo ya daraja la Juba, mtoto wa pili wa marehemu Gune na mkewe. Anayewasomea ni Morris Mwangi, mkwewe, mume wa Peace. Anasoma kwa Kiswahili kwa sababu hiyo ndiyo lugha ambayo mzee na mkwewe walibishana kwayo tangu Nairobi, na mzee hakuwahi kukubali kushindwa katika lugha yoyote.

Alianza shule ya misheni Rejaf mwaka 1962. Vita vya kwanza vikamkatiza, akamalizia upande wa Uganda, kisha mwaka 1973 akaingia chuo cha ufundi kusomea uchoraji wa ramani za majengo. Walimu wake walichoka naye. Akiambiwa achore nyumba ya bati yenye ukuta mtupu, yeye aliongeza upenu wa chini unaokulazimisha kuinama ukiingia. Akiulizwa, alijibu kwamba mgeni asiyeinama hajaingia nyumba ya mtu.

Alifunga ndoa na Bi Santina Jumamosi tarehe 6 Juni 1981. Wazee wa upande wa mke wanasimulia hadi leo kwamba siku ya kujadili mahari, bwana harusi mtarajiwa hakusikia hata neno moja, kwa kuwa alikuwa akipima mlango wa baba mkwe kwa viganja. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 1990 vita viliwafukuza. Walipitia Koboko wakaishia Nairobi, ambako kwa miaka kumi na minne mzee alimchorea mjenzi mmoja magorofa yanayofanana. Kazi ile ililisha familia na ilimchosha roho. Amani ilipotiwa saini hakungoja kubembelezwa. Aprili 2006 alikuwa Juba, ameajiriwa katika ofisi ya mipango ya ardhi, na alichokikuta kilimuudhi. Mji ulikuwa umejaa makontena: watu wanalala kwenye makontena, wanakula kwenye makontena, wanafungua benki kwenye makontena. Alimuuliza Morris, "Hii ni mji ama ni bandari? Na kama ni bandari, bahari iko wapi?"

Ndipo alipoanza kazi ambayo wengi wenu mliiona na wachache mkaielewa. Kila Jumapili baada ya ibada alizunguka Gumbo na futi ya kupimia na daftari, akichora nyumba moja moja. Aliandika kile kinachofanya nyumba ya hapa iwe ya hapa: msingi wa mawe ya mlimani, upenu wa chini, na ule ukanda wa rangi tatu ambao akina mama husiriba kwa mikono kila mwaka kabla ya Krismasi, mwekundu wa udongo wa kichuguu, wa kijivu wa majivu na mweusi wa masizi, kila mama na michirizi yake ya vidole. Alifikisha nyumba arobaini na tatu. Aliomba mtaa huu uandikwe kuwa wa kuhifadhiwa, ili viwanja vipya vitakapopimwa viuzunguke badala ya kuupitia katikati. Aliandika barua kumi na moja. Kumi hazikujibiwa, na hilo familia inalisema bila kumung'unya maneno.

Barua ya kumi na moja ilijibiwa. Kamati ingefika Alhamisi tarehe 12 Februari 2009. Mzee, kwa furaha, akawatangazia akina mama kanisani kwamba wakubwa wanakuja kutazama nyumba zao. Halafu akaenda Yei kikazi siku nne. Hilo ndilo kosa lake, na alilikiri mwenyewe.

Maana hakuna mama wa Gumbo atakayepokea wageni wa serikali akiwa na ukuta wa udongo. Walichanga, wakavuka daraja hadi sokoni Konyokonyo, wakarudi na saruji na rangi ya mafuta ya buluu. Mzee aliporudi Jumatano jioni, mtaa mzima ulikuwa buluu, ukianzia nyumbani kwake. Mama Santina alikuwa mlangoni, brashi mkononi, anasubiri kusifiwa.

"Santina, umefanya nini?"

"Wageni wa serikali wanakuja, halafu mimi iko na nyumba ya matope? Wewe nataka watu wacheke wewe?"

Mzee aliketi chini ya rakuba, kivuli chao cha nyasi uani. Kesho yake mwenyekiti wa kamati alitazama kushoto, akatazama kulia, akasema kwa upole, "Mzee, nyumba za hivi ziko hata Kampala. Sasa tuhifadhi nini?" Mzee akamfungulia daftari. Mwenyekiti akasema michoro ni mizuri sana. Faili likafungwa.

Hakumlaumu mkewe mbele ya mtu, wala kisirisiri. Mama Santina ndiye anayeshuhudia hivyo, na anasema ingekuwa nafuu kama angefoka.

Mwaka huu figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa hapa Juba, kisha Kampala, akarudi akiwa amedhoofika. Alitamani kufika Januari apige kura ya uhuru wa Kusini. Aliaga dunia Jumanne tarehe 19 Oktoba 2010, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Ameacha mjane, Bi Santina. Watoto Jacob, Peace na Nyakong. Mkwe mmoja asiye na wa kubishana naye. Na wajukuu watano. Daftari liko kwa Peace.

Familia inatangaza kwamba matanga yatakwisha Jumapili. Jumatatu tarehe 25 tingatinga la viwanja vipya linaanza kubomoa upande huu, na nyumba hii ni ya tatu kwenye mstari. Tangu Jumatano Mama Santina na akina mama wenzake wamekuwa wakikwangua buluu na kusiriba upya, rangi zote tatu, na hawakutaka kuambiwa lolote kuhusu Jumatatu. Wamemaliza asubuhi ya leo. Mtakaporudi kutoka kaburini, tafadhali msiegemee ukuta. Udongo bado mbichi.

Mungu ampe Mzee Igga pumziko jema na amani.