Fundi Hebunione na Tundu la Chini ya Boti

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, fundi mkuu wa faibaglasi wa karakana yetu ya boti atavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho, baada ya kutumikia miaka ishirini na tisa. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwamini mtu. Hatumsengenyi. Aya hii ameisoma mwenyewe kabla haijapelekwa kuchapwa, kwa kuwa hakuamini tungeandika nini, na aliirudisha akisema iachwe hivyo hivyo.

Mgeni akifika getini akamtaja kwa jina la kwenye kitambulisho, mlinzi humwambia hapa hakuna mtu huyo. Hapa anaitwa Hebunione. Ukimwambia gundi imekauka, anasema, "Hebu nione." Ukimwambia umeme umezimwa, hebu nione. Siku alipopigiwa simu kwamba mkewe amejifungua salama, mtoto wa kike, alisema neno hilo hilo, akakimbilia hospitali na kipande cha msasa mkononi.

Alianza kazi kwa kusugua msasa, vumbi likimjaa mpaka kwenye nyusi, akapanda kwa mikono yake mpaka kuwa fundi mkuu. Mimi ninayeandika ni mpaka rangi. Mara nyingi tumelala chali chini ya boti moja, yeye na drili yake, mimi na brashi yangu, naye akinitupia jicho la pembeni kuona kama kweli napaka rangi mara ya pili au nasema tu kwamba nimeipaka.

Nyumbani hakuwa tofauti. Dada yake mdogo alipoposwa na nahodha wa boti ya zahanati, Hebunione alikwenda kumuulizia bwana harusi kazini, kwa majirani na kwa kinyozi wake. Hakupata baya. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi. Alisema mtu asiye na doa hata moja lazima amelifunika. Ndoa ilifungwa, shemeji wawili wakawa wanasalimiana kama askari wa mpakani, kila mmoja akitazama mikono ya mwenzake. Bahati mbaya, au nzuri, boti ya nahodha ilikuwa ikitengenezwa hapa kwetu.

Boti hiyo ndiyo huwavusha wauguzi kwenda upande wa pili wa maji na kurudi na wagonjwa. Katikati ya njia pana fungu la mchanga linalohama, leo liko hapa, mwezi ujao liko kule. Kwa sababu hiyo Hebunione aliifungia kipima kina, chombo kinachotuma sauti chini majini na kujua kina kwa mwangwi unaorudi. Kihisi chake kina umbo la uyoga, hupitishwa kwenye tundu chini ya boti, uso wake ukitazama majini, na waya wake hupanda mpaka kwenye skrini mbele ya nahodha. Kilifanya kazi vizuri muda mrefu.

Kisha asubuhi moja, jua limeshapanda, maji yakiwa shwari, boti ikapanda juu ya fungu kwa mwendo mkali. Abiria wote walirushwa mbele. Muuguzi mmoja alivunjika mkono, na mama mjamzito aliyekuwa akipelekwa kujifungua akabaki saa nzima akilia kwa hofu, mpaka boti ya wavuvi ilipokuja kuwachukua. Namshukuru Mungu alijifungua salama.

Nahodha alikuwa na maelezo mafupi. "Skrini ilisoma mita sita," alisema. "Niliitazama kwa macho yangu. Sita."

Hakuna aliyemwamini. Mita sita juu ya fungu ambalo mtu anasimama maji yakimfika kiunoni? Wengine walisema alisinzia. Wengine walimnusa mdomo. Hebunione alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, akamwambia mbele ya watoto, "Mumeo alikuwa na simu mkononi. Namjua."

Dada yake aliinuka, akafungua mlango. "Kaka, wewe humjui mtu yeyote," alimwambia. "Unamshuku kila mtu, ukadhani ndiyo kumjua. Toka."

Basi shuku ikaenea karakana nzima kama harufu ya rezini, ile gundi ya faibaglasi. Nahodha naye aliwaambia watu kwamba shemeji yake alitoboa lile tundu vibaya kusudi, ili siku moja amwangushe. Chakula cha mchana kikawa kinaliwa kwa makundi. Ofisi ikaunda kamati, ikamsimamisha nahodha kazi, na habari za chini kwa chini zikawa kwamba hatarudi tena.

Hebunione aliomba aijaribu boti kabla kamati haijakaa. Alisema wazi anachotafuta: ushahidi wa kumfunga mdomo shemeji yake. Nilikwenda naye, kwa sababu alihitaji mtu wa kushika usukani na mimi alinishuku kidogo kuliko wengine. Boti iliposimama, aliteremsha majini kamba ya kupimia kina, yenye uzito wa risasi mwishoni. Kamba na skrini vikakubaliana. Tukaenda polepole, vikakubaliana. "Unaona?" alisema. "Chombo kizima. Mwongo ni mtu."

Kisha akaniambia nikaze mwendo. Nilikaza. Namba kwenye skrini ikapepesa mara mbili, ikasimama palepale. Tulipita juu ya maji ambayo rangi yake tu ilionyesha mchanga u karibu, na skrini bado inashikilia namba ya kule kwenye kina. Nilipopunguza mwendo, namba ikaamka na kushuka ghafla.

Alibadilisha skrini, tukarudia. Akabadilisha waya, tukarudia. Kila mara ilikuwa vile vile: tukikimbia, namba inaganda. Alishuku kiwanda, alishuku betri, na kwa dakika chache alinishuku mimi.

Boti ikapandishwa juu ya stendi. Alipita chini yake na tochi, akiifuata njia ya maji kutoka mbele kwenda nyuma kwa kidole, kama mtu anayesoma. Kidole kikafika kwenye kikombe kidogo cha shaba kilichojitokeza nje, mdomo wa kuvutia maji ya pampu ya kuoshea sitaha. Kilikuwa mbele ya kihisi, mstari mmoja. Boti ikikimbia, kikombe kile kilipasua maji kikatengeneza mapovu, na mapovu yakapita usoni mwa kihisi. Kihisi hakioni kupitia mapovu. Nayo skrini, isipopata jibu, huendelea kuonyesha namba ya mwisho iliyopata.

"Hiki kikombe kaweka nani?" nilimuuliza. Pampu ile ilikuja baadaye, mwaka mmoja baada ya kihisi, wiki chache tu kabla ya ajali.

Alizima tochi. Alikaa chini kwenye zege, mgongo umeegemea stendi. "Mimi," alisema. "Nilikagua kama kinavuja. Sikukagua kiko mbele ya nini."

Ningependa kusema alisimama pale pale akaenda ofisini. Hakwenda. Siku mbili alizunguka karakana akila peke yake, na mimi nilikuwa najiuliza atafanya nini, kwa maana tuliokigundua kikombe kile ni sisi wawili tu, na mimi nisingeweza kuthibitisha lolote mbele ya wataalamu. Nilimshuku, nakiri. Yeye mwenyewe alikuwa amenifundisha.

Kamati ilikaa kwenye chumba cha juu ya stoo. Mwenyekiti alianza kusoma mapendekezo yake, na nahodha alikuwa ametazama dirishani kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo. Hebunione akasimama bila kupewa nafasi.

"Nahodha amesema kweli," alisema. "Skrini ilimwonyesha sita. Kosa ni langu, na niko tayari kuwaonyesha lilipo."

Halafu nahodha akageuka, macho ameyabana. "Shemeji," alisema, "huu ni mtego gani tena?"

"Twende chini," Hebunione alimjibu. "Usiniamini. Twende ukaone."

Tulishuka wote, mwenyekiti na suti yake, tukainama chini ya boti. Nahodha alikishika kikombe, akatazama kihisi nyuma yake, akatazama tena kikombe. Kisha akasimama akajifuta mikono kwenye suruali. Hakumkumbatia mtu. Alisema tu, "Kwa hiyo sikuwa mwendawazimu." Akatoka nje.

Alirudishwa kazini. Hebunione alipewa onyo kali na kuzuiwa kukabidhi chombo chochote bila fundi mwingine kukikagua. Aliposomewa adhabu hiyo alisema ilipaswa kuwepo tangu zamani, kwa kila mtu. Sasa ndiyo utaratibu wetu. Kabla ya kuigusa tena boti ile, Hebunione alikwenda wodini kwa muuguzi aliyevunjika mkono, akamweleza yote bila kupunguza. Muuguzi alimuuliza kama boti itakuwa salama. "Sijui bado," alimjibu. Muuguzi alitusimulia baadaye kwamba jibu hilo ndilo lililomfanya akubali kuvuka tena.

Kihisi kikahamishwa, na nahodha alitaka kusimamia kila hatua. Ilikuwa kazi ya kutazamwa. Tundu la zamani lilizibwa kwa matabaka ya faibaglasi. Pahali papya palichaguliwa penye maji safi, mbali na kikombe na mikunjo ya tumbo la boti. Hebunione alitoboa tundu dogo kwanza kutoka ndani, kisha akatoka nje, akabandika utepe juu ya rangi ili isibanduke, akakata tundu kubwa kwa msumeno wa duara, pole pole. Alisugua kingo, akazipaka rezini ili maji yasinywewe na faibaglasi. Kwa kuwa tumbo la boti limeinama, alichonga kipande cha kusawazisha ili kihisi kitazame chini wima. Akakipachika kikavu kwanza, bila gundi.

"Kimepinda," alisema nahodha.

"Hakijapinda."

"Hebu nione," alisema nahodha, na karakana nzima ikaangua kicheko. Akaweka pimamaji. Kilikuwa kimepinda, kidogo tu. Hebunione alikitoa, akakichonga upya bila kununa, na hilo nalo hatukuwahi kuliona.

Gundi ilipakwa, kihisi kikasukumwa kutoka nje mpaka gundi ikatokeza pande zote, na nati ikakazwa kwa ndani, si kwa nguvu za kuonyesha watu. Mimi nilipaka uso wake rangi nyepesi ya kuzuia konokono wa majini wasikigande, wao wawili wakinisimamia kichwani. Gundi ilipokauka, boti ikateremshwa. Walizungushia nati karatasi ya chooni, wakakaa wakitazamana pale sakafuni, kila mmoja akisubiri ilowe. Haikulowa. Dada alikuja na chupa ya chai, akawamiminia wote wawili, na kaka yake alimwomba radhi mbele ya watoto, kama alivyomkosea mbele yao.

Walipoijaribu kwa mwendo mkali, namba zilishuka moja baada ya nyingine kadiri fungu lilivyokaribia, na nahodha akapunguza mwendo mapema.

Tangu hapo Hebunione amefunga vihisi katika boti nyingi, amefundisha mafundi ambao leo wanatuudhi kwa maswali kama yake, na hakuna tundu lake lililowahi kuingiza maji. Hajaacha kushuku. Ila siku hizi akishuku huanza na alichofanya mwenyewe, na ni wachache tuliowaona wakibadilika hivyo wakiwa na mvi.

Anahamia ng'ambo ya maji, kwenye nyumba iliyo jirani na ya dada yake. Kwa niaba ya karakana yote, asante kwa kila ulichokaza, ulichobandua na ulichotulazimisha kurudia. Mungu akupe afya, usingizi mzuri na miaka mingi yenye amani. Boti ya zahanati inaondoka saa mbili asubuhi, na nahodha amekuwekea kiti cha mbele. Panda, Fundi, kaa, na mwachie shemeji yako usukani.