Halwa Iliyokaa Siku Nne Nagoya

Benchi letu lipo mbele ya duka la dobi, mtaa wa Khuwair ya Kusini, upande unaopata kivuli baada ya Laasiri. Si benchi la kujivunia. Mguu mmoja umeinuliwa kwa kipande cha tofali, na anayekaa upande ule hana raha mpaka adhana ya Magharibi. Wakaaji wa kudumu ni wanne. Talal tunamwita Daktari kwa sababu aliendesha gari la wagonjwa miaka thalathini, na mpaka leo hukutibu hata kama hujaumwa. Yaarub ni Mjapani: ana duka mtaa wa Wadi Kabir la vipuri vya magari vinavyotoka Japani, na Japani kwenyewe hajawahi kukanyaga. Salem hana jina la utani, ana hasira tu. Mimi ni Karani, kwa kuwa nakumbuka nani alisema nini, jambo ambalo wenzangu hawalipendi. Siku ile dele la kahawa lilikuwa limejaa, na mkewe Salem, Bi Ruqaya, alikuwa ametuletea sahani ya sambusa. Tulikula mpaka ikabaki moja.

Salem alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili.

Salem: Hajaigusa mtu! Leo siku ya nne. Halwa yangu mie!

Daktari: Halwa gani tena, yakhe?

Salem: Aliyochukua Ibtihal.

Hapo ikabidi tumsikilize. Ibtihal ni mwanawe, mhandisi, mwaka wa pili huu yuko Nagoya, huko Japani, kwenye kampuni inayotengeneza pampu za maji. Alikuja likizo mwezi uliopita, na kabla ya kurudi alimweleza babake kwamba kule anayetoka likizo lazima awapelekee wenzake kazini kitu kitamu. Wako ishirini na wawili. Akaomba halwa ikatwe vipande vidogo vidogo, kila kimoja kifungwe peke yake, ili kila mtu akute chake mezani. Salem alikataa katakata. Alisema halwa ya kufungwa vikaratasi ni peremende, na yeye hajazaa mtoto wa kugawa peremende. Akampa bakuli zima la kaure, limejaa, lozi juu, limezungushiwa taulo tatu. Mtoto akalipakata kwenye ndege mpaka Nagoya.

Salem akatuwekea sauti ya mtoto aliyoituma kwenye simu. Ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyejificha nyuma ya kabati.

"Baba, bado. Nimeliweka kwenye meza ya katikati tokea Jumatatu. Kila anayepita anainama, ananiambia ahsante sana, imependeza sana, kisha anakwenda zake. Sijui nimekosea nini. Natamani niifunike nirudi nayo nyumbani. Bado niko kazini, saa tatu usiku hapa. Mkubwa wetu hajaondoka, kwa hiyo hajaondoka mtu."

Lile la kukosea alilisema kama mtoto mdogo. Sote tulisikia, tukajifanya tunapuliza kahawa.

Salem: Nishamjibu. Nimerekodi, imebaki kuituma tu. Nimemwambia abebe bakuli langu, aache hiyo kazi, arudi. Hawatudharau watu mara mbili.

Mimi: Usitume kwanza.

Salem: Kwa nini nisitume?

Kwa sababu Ibtihal anaipenda ile kazi, na Salem anajua. Ana hamu na mwanawe, basi. Tokea Ibtihal arudi Nagoya mzee huyu anakunywa chai kwenye kiti alichokuwa akikaa mtoto, Bi Ruqaya kanihadithia mwenyewe. Lakini hayo hayasemwi benchini. Nikamsogezea sahani.

Mimi: Kula hiyo sambusa kwanza.

Salem: Sitaki. Mpe Daktari.

Daktari: Mie n'shashiba. Sasa nisikilizeni. Hii ni sukari. Wajapani wanapimwa damu kazini kila mwaka, kila mtu na faili lake. Mtu akila halwa ile, mashine itamsema.

Mjapani: Sukari wapi! Wale hawajajua kama ni chakula. Mie nnawajua hawa, miaka ishirini na nane nnafungua makontena yao. Mjapani hata skrubu moja anaitia kwenye kimfuko chake, na jina juu. Leo umpe kitu cheusi, kinang'aa, kinavutika, kimekaa wazi kwenye bakuli, tena ofisi ya pampu. Atasema nini? Grisi!

Salem: Halwa yangu grisi?

Mjapani: Grisi nzuri, lakini.

Daktari: Yenye lozi?

Mjapani: Atadhani zile ni sampuli za vipuri.

Salem akainua kidole juu ya simu. Nikamshika mkono, nikammiminia kahawa.

Daktari: Basi nimeshapata. Inasubiri mihuri. Ibtihal si alituhadithia hapa hapa? Kule huwezi kununua hata kiti kipya, mpaka karatasi ipite kwa wakubwa wote, kila mmoja agonge muhuri wake mdogo mwekundu. Sasa karatasi ya halwa iko kwa wa tatu.

Mimi: Na wa nne?

Daktari: Kasafiri.

Mjapani: Hapana, hapana. Mmesikia kasema wanaiinamia? Mtu haiinamii halwa bure. Wameipa cheo! Imekaa meza ya katikati, haisemi, haiondoki mapema, haikosei. Wameona hii ndiyo inafaa kuwa mkuu wa idara. Wallahi, mwezi ujao wataichapishia na kadi yake ya cheo, uipokee kwa mikono miwili.

Hata Salem alicheka, kidogo, halafu akakumbuka kwamba amekasirika.

Salem: Khalas. Nnatuma.

Daktari: Tuma ukitaka. Lakini kula hiyo sambusa, inapoa.

Salem: Kula wewe.

Daktari: Mjapani, kula.

Mjapani: Mie? Aa, nimekula nyingi. Karani?

Nilisema nimeshiba. Sikuwa nimeshiba.

Ndipo akaja kijana mmoja, Mutasim, mpangaji mpya wa ghorofa ya juu ya duka. Watu wao walitoka Tabora, na Kiswahili chake ni cha bara, laini. Alikuwa amechukua kanzu zake kwa dobi. Akatoa salamu, tukamkaribisha kahawa, akakaa upande wa tofali maskini ya Mungu. Akanywa finjani moja. Akatazama sahani.

Mutasim: Samahani, wazee wangu. Hii sambusa nimepita kwenda dukani nimeiona, nimerudi ipo, nimekwenda kwa dobi bado ipo. Ina nini?

Mjapani: Haina kitu. Sambusa ya nyama, nzuri sana.

Mutasim: Sasa mbona hamuili?

Daktari alikohoa. Mjapani akasoma kibao cha dobi, ambacho amekisoma miaka kumi. Mimi nikajiongezea kahawa, na mimi ndiye niliyekuwa naitamani kuliko wote.

Salem aliitazama sambusa muda mrefu. Kisha akaitazama simu, akaifuta ile sauti yake ya hasira, akaanza nyengine mbele yetu sote.

"Ibtihal, mwanangu. Hujakosea kitu. Na wao hawana lolote, wanaoneana haya tu, kila mmoja anamngoja mwenzake. Chukua kijiko, kata wewe. Usiwaulize kama wanataka, watie mkononi mmoja mmoja. Anza na huyo mkubwa wenu anayekukalisheni kazini mpaka saa hii." Akaisogeza simu karibu na mdomo. "Vikaratasi uliniambia, mwanangu. Mie ndiye sikusikia."

Akatuma. Kwa miaka niliyomjua Salem, sijawahi kumsikia akikubali kosa hata la kukanyaga mtu mguu. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Tukarudi kwenye kahawa. Baada ya kama nusu saa simu ikalia. Safari hii Ibtihal hakuwa amejificha, nyuma yake kulikuwa na makelele ya watu wanaocheka.

"Baba! Nimempa mkubwa, akaiangalia, akala, akalamba kidole! Hapo wote wakasimama. Bakuli jeupe, Baba, hata lozi haikubaki. Sasa mkubwa kavaa koti, anasema twendeni nyumbani. Na wanauliza nyengine lini."

Salem: Mmesikia? Wanauliza nyengine lini.

Akairudia sauti ile mara nne. Dobi akatoka kusikiliza, na jirani aliyekuwa anaosha gari akapewa ya tano. Daktari alisema alijua tokea mwanzo. Mjapani alisema hivyo ndivyo ilivyo kule kwao.

Salem, uso umemkunjuka, akamsogezea Mutasim sahani.

Salem: Haya mwanangu, wewe ndiye uliyetufungua macho. Kula.

Mutasim: Aa, ami, nashukuru. Kuleni nyinyi tu.

Tulicheka mpaka finjani ya Daktari ikaanguka. Salem hakumuuliza mtu tena. Aliikata sambusa ile ya baridi vipande vitano kwa vidole vyake, akaanza na mgeni, akatutia mkononi mmoja mmoja. Mimi nilipata pembe isiyo na nyama. Nikaila, nikasema ahsante.