Mzee Brashi na Uso Uliongoja Kukauka

Marehemu baba yetu, ambaye wengi mlimjua kama Mzee Brashi, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu, na bibi yetu alizoea kusema kwamba huyu alitembea kabla hajajua kukaa. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, akihamishwa darasa hadi darasa kwa kosa lile lile la kuchora juu ya madawati.

Mwaka 1968 aliajiriwa kuandika mabango ya maduka, kazi isiyompa mtu nafasi ya kusita, mkono wake ukawa mwepesi usiojua kungoja. Tarehe 12 Agosti 1975 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji, wakajaliwa watoto wanne, na mama ni shahidi kwamba kuta za nyumba hazikuwahi kumaliza mwaka na rangi moja.

Alipostaafu mwaka 2014 alinunua rangi za mafuta, akajifunza kwa kunakili picha ya kale aliyoiona kwenye kalenda, chumba chenye dirisha kushoto, mwanamke anashona, mumewe amesimama nyuma yake. Kwa mazoea ya mabango alipaka tabaka juu ya tabaka bichi lisilokauka, nyuso zikapasuka kama tope la kiangazi, akakwangua, akaanza upya, akakwangua tena, hadi mama akawaambia majirani kwamba ameletewa mke mwenza, tena asiyepika wala kufua.

Januari 2023 mkono ulianza kutetemeka, na hofu yake ikawa moja tu, kwamba angeondoka bila kuumaliza uso wa yule mwanamke. Alimwomba mama akae dirishani ili achore akimtazama, mama akasema hakai bure, aletewe shati lenye vifungo vilivyokatika. Safari hii, mwishoni mwa Aprili 2024, baba alipaka tabaka la chini, akaliacha likauke, akawa anazunguka chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia, lakini hakuligusa.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Mei 2024, bado akingoja. Uso haukumalizika, ila tumeutazama kwa karibu, umekauka vizuri, hauna ufa hata mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliovumilia harufu ya tapentaini ya kuyeyushia rangi, na waandika mabango wenzake mlioziacha ngazi zenu leo mkaja kumsindikiza.

Haya baba, pumzika kwa amani, hakuna anayekuharakisha.