Neno Moja la Daktari: Maisha ya Gethin Idwal Pugh, 1982–2026

Ndugu, jamaa, majirani na wachezaji wenzake mliojaa humu kanisani hadi kwenye ngazi, mimi ni Delyth, dada yake mkubwa, na familia imenituma niwasomee maisha ya Gethin.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1982 hapa Pentregaer, katika chumba kilicho juu ya duka la mikate la baba yetu, mzee Idwal, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho, na mama yetu Mair, aliyeketi hapa mbele, husimulia kwamba mkunga alipokiona kile kichwa alisema, "Mama Delyth, huyu atafungua milango kwa kichwa," na watu wakacheka.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1986, akaingia sekondari mwaka 1993 na kumaliza mwaka 2000, si kwa alama za kujivunia, kwa kuwa akili yake yote ilikuwa kwenye raga, kisha akamsaidia baba kukanda unga kwa mwaka mmoja, ndipo likamganda jina la Geth Mkate, ambalo wengi wenu mnalijua kuliko lile la ubatizo.

Mwezi Agosti 2001 alisaini mkataba na klabu yetu ya Pentregaer, akavaa jezi namba saba kwa misimu kumi na mitano, akikaba watu waliomzidi uzito kana kwamba wamemtukania mama, na siku ya mechi duka la baba lilifungwa saa sita, mwenye kutaka mkate akawaombe Waingereza ng'ambo ya mpaka.

Tarehe 5 Agosti 2006 alifunga ndoa na Lowri katika kanisa hili hili, Mungu akawajalia watoto wawili, Non mwaka 2008 na Steffan mwaka 2011, na niseme wazi mbele yao kwamba baba yenu aliwapenda kupita mchezo, hata kama Jumamosi hazikuonyesha hivyo.

Sasa nifike mahali ambapo familia ilibishana kama pasomwe, na mama akaamua pasomwe.

Mchezaji akigongwa kichwa hutolewa kando, daktari humsomea maneno matano, humuuliza maswali mengine, kisha humtaka ayarudie yale matano, akishindwa harudi uwanjani, na maneno hayo hupaswa kubadilishwa kila mara, lakini hapa kwetu yalikuwa yale yale mwaka hata mwaka, kijiko, mvua, kiatu, limau, dirisha, wachezaji wakirithishana bafuni, na watoto wa Gethin wakiyaimba mezani wakati wa uji, naye akijigamba, "Hata mkinikata kichwa, kitayataja kikiwa chini!"

Tarehe 8 Novemba 2014, mechi ikiwa sare, Gethin aligongwa goti kichwani akalala bila kutikisika, alipoinuka akaenda kukaa kwenye benchi la wageni, Lowri akaruka uzio na kupiga kelele, "Daktari, mume wangu hajui hata benchi lake!" naye Daktari Alun Prosser, daktari wa kijiji aliyekuwa pia daktari wa klabu, huku kocha akimpumulia shingoni, akamjibu, "Lowri, mwanangu, maneno yote kayataja. Yuko sawa," na Gethin akarudi, akagongwa tena kabla ya mechi kwisha.

Msimuulize Lowri kwa nini alinyamaza, kwa sababu sote tungenyamaza, huyu ndiye daktari aliyetuchanja utotoni, aliyegundua ugonjwa wa moyo wa baba mapema, anayeimba sauti nzito ya kwaya hii, na akisema mtu ni mzima bonde zima lilijua ni mzima, hatukuwahi kujiuliza mshahara wake wa Jumamosi unatoka mfuko gani.

Gethin alistaafu Mei 2016, akarudi dukani, na kuanzia mwaka 2018 akaanza kusahau mikate tanurini, kulia bila sababu, kumfokea Steffan kisha kumwomba radhi akipiga magoti, naye Daktari Prosser akasema ni uchovu wa kustaafu, apunguze bia, wakati kijiji kizima kilimtania Gethin kwa kuwa bia ilimtapisha tangu ujana.

Mwaka 2020 Lowri alimpeleka mjini Cardiff kwa Daktari Nasreen Qureshi, bingwa wa ubongo, aliyetueleza bila kuzunguka kwamba ubongo uliotikisika ukagongwa tena kabla haujapona hauna msamaha, kisha akauliza, "Aliyekuwa akimpima alilipwa na nani?"

Mficha maradhi kilio humuumbua, nasi kilio chetu kilianza angali hai, siku alipomtazama Non na kumwita nesi, huku yale maneno matano akiyataja bila kukosea hata moja, na Non akatoka kwenda kulilia kwenye gari.

Aliingia nyumba ya matunzo mwaka 2023, na Desemba iliyopita Daktari Prosser alikwenda kumtazama, amebeba mkate wa matunda, Gethin ambaye asubuhi hiyo hakumtambua mkewe akasimama wima kama mbele ya refa na kumuuliza, "Daktari, nirudi?" mzee yule akamshika mikono yote miwili, akasema, "Hapana, Geth. Hurudi," na ndugu yangu akajibu, "Sawa, daktari," akaketi taratibu, bila ubishi wowote.

Alifariki tarehe 19 Januari 2026 alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Lowri, akiwa na miaka arobaini na mitatu.

Familia inamshukuru Daktari Qureshi kwa kutwambia ukweli, wauguzi waliomlisha na kumwogesha kwa heshima, majirani walioendesha duka, na wachezaji wenzake, ambao nawasihi kwa machozi msiwafundishe wadogo zenu yale maneno.

Daktari Prosser, najua umekaa kule nyuma, na leo hukuimba, familia inakushukuru kwa lile "hapana" moja, tunajua lilikugharimu, ila ulisikia mwenyewe jinsi alivyolipokea, hata siku ile ya Novemba angeketi hivyo hivyo, maana wewe ndiye pekee ambaye angekutii.

Geth, mdogo wangu, pumzika kwa amani, hakuna tena wa kukurudisha uwanjani.