Hakimu Alibaki Nje kwa Mvua

Ndugu zangu wa kanisa, munisamehe nikisimama huku nimeshika kiti. Haya mambo ni mazito kusimulia. Lakini leo nasema, tena mbele ya wanaume, muone vile nimepona.

Bwana yangu alikuwa anafanya kazi kwa kiwanda cha saruji. Alikufa mwaka ule mto Nyamwamba ulipofurika, akaniacha na wasichana wawili kwa nyumba yetu ya Bwera, kando ya barabara ya mpaka. Matanga hayajaisha, shemeji yangu mkubwa akaniita pembeni. Huyu mutu aliwahi kuwa askari wa mahakama, kwa hiyo akitaja sheria sisi wote tunanyamaza. Akasema serikali inaniruhusu kukaa kwa nyumba, ila siku mwanaume atavuka mlango, hiyo inahesabika nimeolewa, na nyumba inarudi kwa ukoo.

Nikaamini. Nawaambia, niliamini kabisa. Ningeenda wapi na watoto?

Mke wake alikuwa na kibanda cha nyanya mbele ya mlango wangu. Akaambiwa aniangalie. Nikifagia, ananiangalia. Nikianika nguo, ananiangalia. Mchungaji alikuja kuniombea, nikamwacha uani, jua linamchoma. Kaka yangu alitoka Kasenyi na samaki, safari yote ile kwa boda, nikapokea samaki kwa dirisha. Akaniuliza kama nimerogwa. Upepo ukang'oa mabati ya chumbani, mbao zikaoza, lakini fundi si ni mwanaume? Tukahamia jikoni, mimi na watoto na kuku. Mutu wa gerezani ana askari wa kumfungia. Mimi nilikuwa najifungia mwenyewe kila asubuhi.

Eti shemeji bado hakutosheka. Akanishitaki Kasese, akaapa kwamba nimeolewa, wanaume wanaingia na kutoka. Siku ile mahakamani nililia tu. Hakimu akasema atakuja mwenyewe kuona nyumba.

Akaja kweli, na karani wake, mama mmoja wa makamo. Mvua inanyesha, majirani wamejaa, shemeji yuko mbele na koti lake. Hakimu akapanda ngazi ya mlango akikimbia mvua. Mimi nikatanua mikono, nikaziba.

"Muzee, unisamehe. Hapa mwanaume haingii."

Shemeji akafurahi, akasema munaona, anaficha bwana. Hakimu akaniuliza kwa upole kwa nini namzuia.

"Ukiingia, watasema umenioa."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hakimu hakucheka. Akauliza nani alinifundisha hiyo sheria. Nikamuonyesha shemeji kwa kidole. Shemeji akakana, akasema mimi ni mwongo, wanaume wanalala humo, hata mutoto mdogo anajua.

Hapo ndipo mama wa nyanya akatoka kwa kibanda chake. Mke wa shemeji mwenyewe. Akaja mpaka mbele ya hakimu, kitenge kimelowa.

"Mimi ndiye niliwekwa kulinda huu mlango," akasema. "Hata kaka yake hajaingia."

Weh. Hakimu akamtuma karani ndani. Karani akatoka amelowa kama sisi wa nje, akasema chumbani hakuna mabati wala alama ya mwanaume. Hakimu akaniambia palepale kwamba kuolewa ni kuolewa, fundi wa mabati si bwana, na kama ningekuwa nimeolewa ningekuwa wa kwanza kujua. Baadaye akasoma hukumu Kasese: tukae kwa nyumba yetu, hakuna wa kututoa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru hakimu aliyekubali kulowa. Na wewe mama wa nyanya, umekaa pale nyuma unainamisha kichwa. Najua siku ile ulirudi kwa nyumba gani, na ulipokewa vipi. Ulijua utapigwa, na bado ukasema. Wasingya, mama, nakushukuru. Wasingya sana.

Wenzangu, mukiambiwa sheria na mutu anayetaka nyumba yenu, muende mukaulize pengine. Kasese si mbali. Mimi sikuuliza, na wasichana wangu wakakulia jikoni.

Sasa tukitoka hapa, chai iko kwangu. Mabati ni mapya. Wanaume mutangulie kuingia.