Mzee Gadiel Lemburis, Mume wa Aika

Ndugu waombolezaji, wasifu huu umeandikwa na Nice, mjukuu wa marehemu, ambaye tangu utotoni alijiuliza bibi na babu yake waliwezaje kudumu hivi.

Marehemu Mzee Gadiel Lemburis alizaliwa tarehe 3 Aprili 1942 huko Ilkiding'a, kwenye miteremko ya Mlima Meru, mtoto wa tatu wa Mzee Lemburis na Mama Silantoi. Alisoma shule hukohuko kijijini kwao, kisha akasomea mifugo chuoni Tengeru. Mwaka 1964 alipangiwa kazi Usa River kama bwana mifugo, akaifanya mpaka alipostaafu mwaka 1997. Wafugaji wa hapa wanakumbuka kwamba akiingia uani alikwenda kwanza kwa ng'ombe, akamsemesha, ndipo akageuka kumsalimu mwenye nyumba.

Mwaka 1966 aliitwa kwenye familia ya Wachaga waliokuwa wamehamia kutoka Machame. Alimtibu ng'ombe wao, akawahakikishia kwamba angepona. Kesho yake ng'ombe akafa. Gadiel alirudi, na aliyemfungulia mlango alikuwa binti wa nyumba hiyo, Aika.

"Ng'ombe ameshakufa. Umefuata nini?" Aika alimuuliza.

"Nimekuja kusema nilikosea."

Aika hakuwahi kumsikia mtu wa serikali akisema hivyo. Alimkaribisha ndani. Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1967 katika kanisa la Kilutheri, na nyumbani kwao ikawa ni Kiswahili tu, kwa kuwa yeye hakujua Kichaga na mkewe hakujua Kimaasai. Ndivyo wote tulivyoamini.

Miaka saba ilipita bila mtoto. Mama Silantoi kila alipokuja kuwatembelea alimsema mwanawe kwa Kimaasai, hapohapo mbele ya Aika aliyekuwa akimimina chai: atafute mke mwingine. Gadiel alimjibu kwa maneno machache. Aika akiuliza mama amesema nini, mumewe alimwambia, "Anaisifia chai yako."

Mwaka 1975 alizaliwa Hanna, wakafuata Manase na Irine. Mama Silantoi alikuja kumlea mjukuu, akakaa karibu mwaka mzima, na safari hii chai aliisifia kweli.

Februari 2024 Mzee alipata kiharusi. Alipoanza kuongea tena, Kiswahili kilikuwa kimemtoka kabisa, kilibaki Kimaasai. Watoto wake, waliokulia hapa mjini, hawakumwelewa. Aliomba kitu, wakamletea maji, wakamletea mto, wakamletea Biblia, naye akageukia ukutani. Manase alikuwa ameshika simu amwite binamu yake wa Ilkiding'a aje kutafsiri, Bibi Aika aliposogea kitandani akamjibu mumewe kwa Kimaasai, bila kutafuta neno.

"Fungueni dirisha," akawaambia watoto. "Anataka kuwasikia ng'ombe."

Nice ndiye aliyeuliza. "Bibi, ulijifunza lini?"

"Kabla mama yako hajazaliwa. Kwa akina mama wa sokoni."

"Mbona hukusema?"

"Wangejua naelewa, wangenyamaza. Nami nilitaka kusikia babu yako anajibu nini."

"Alijibu nini?"

"'Yeyo, mama yangu, mke ninaye. Mtoto akija, atatoka kwa huyu. Asipokuja, tutaishi wawili.' Kila mara hivyohivyo, mwanangu, na alidhani sisikii."

Mzee alikuwa akimtazama mkewe. Akauliza jambo, kwa shida. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akatutafsiria: "Anauliza kama nilijua na ile ya chai."

Tangu siku hiyo waliongea Kimaasai. Sisi wengine tulikuwa wageni chumbani mle, na Mzee, aliyekuwa mtu wa maneno machache maisha yake yote, akawa msemaji. Hali ilibadilika mwishoni mwa Mei mwaka huu. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 11 Juni 2025, mkewe akiwa pembeni yake.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu tisa na vitukuu wawili. Bwana ampokee, ampe pumziko lenye amani.

Ukoo wa Lemburis mliotoka Ilkiding'a, tunaomba utulivu. Bibi Aika ataongea na mumewe kabla jeneza halijashushwa, na ataongea Kimaasai. Wajukuu tunaombwa tusidai tafsiri.